Kompresa Namba Mbili Ikae Katikati

Mama yangu alipokaribia kutimiza miaka sabini, kaka yangu mkubwa alituita kikaoni. Kaka ni wakili, na hata nyumbani huongea kama yuko mbele ya hakimu. Tuko watatu: yeye, dada yetu ambaye ni mwalimu, na mimi kitinda mimba, fundi cherehani. Ajenda ilikuwa moja tu, sherehe ya Mama. Ukumbi wa shule anayofundisha Dada ulishapatikana, na mpishi alishaongewa. Kilichobaki ni ubao mkubwa wa picha utakaosimama mlangoni, ili kila mgeni akiingia ayaone maisha ya Mama tangu usichana hadi leo.

"Kila mtu alete picha alizonazo," Kaka akaamuru. "Na wewe, Mama, tuchagulie zako nzuri kumi."

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani akichambua mchele. Aliweka sinia chini, akaenda chumbani, akarudi na bahasha nene ya kaki, akaimimina mezani mbele yetu.

Zilikuwa picha arobaini na moja, na hakuna hata moja yenye mtu. Gia. Mkanda umekatika. Pampu imefunguliwa tumbo, na bolti zake nane zimepangwa juu ya gazeti, kila moja imeandikiwa namba ya chaki. Dada alichukua moja, akaigeuza kichwa chini miguu juu akitafuta upande wa kuitazamia, akashindwa, akairudisha.

"Mama," Kaka alisema, kwa ile sauti anayowawekea wateja wenye kesi mbaya, "hivi ni vyuma."

"Najua ni vyuma. Nilivishika mimi."

"Sisi tunataka maisha yako."

"Ndiyo hayo."

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu usipomjua mama yangu utadhani alikuwa anatania. Mama alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chupa kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kule walikowekwa wanawake wote, mwisho wa mkanda, kupanga chupa kwenye makasha. Siku moja alimwambia fundi wa zamu kwamba beringi ya tatu kutoka kushoto inakufa. Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Baada ya siku mbili beringi ikafa, na mkanda mzima ukasimama. Mkuu wa karakana, mzee mmoja asiyejua kusifu mtu, akamhamishia Mama karakana, akampa bisibisi ndefu na kumfundisha kazi nyingine ya bisibisi: unagusisha ncha kwenye kasha la beringi, unaweka mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu unasikiliza chuma kinasema nini. Mama akawa hashikiki. Wenzake wakambandika jina Sikio, na mpaka leo ukienda kwa wastaafu wa kile kiwanda ukamuulizia kwa jina lake halisi hutampata.

Kiwanda cha chupa hakilali. Tanuri la kioo halizimwi, maana kioo kikigandia ndani, tanuri limekufa. Kioo kilichoyeyuka kinadondoka tone moja moja, kikiwa chekundu, kinaingia kwenye kalibu, umbo la chuma la kufinyangia chupa, hewa iliyoshindiliwa na kompresa inapuliza, kalibu inafunguka, chupa inatoka. Yote hayo yanaendeshwa na pipa la chuma linalozungushwa na gia, na pipa hilo ndilo linaloiambia kila sehemu: sasa wewe, sasa wewe, sasa wewe. Mama akieleza habari za lile pipa huwa anapiga meza kwa kidole, na mdundo wake haukosei.

Mwaka wake wa pili karakana, alilifungua pipa hilo kulisafisha, na alipolifunga aliipachika gia kwa kuruka jino moja. Jino moja tu! Kalibu zikawa zinafunguka kabla kioo hakijakomaa. Zamu nzima zikatoka chupa zilizopinda shingo, zote upande mmoja, kama watu wanaochungulia nani kapita barabarani. Mhandisi mkuu akaamuru lile rundo lisitupwe, na Mama akae kando yake wakati wote wa mapumziko ili kila mtu amwone. Mama akakaa. Halafu akaazima kamera ya mtunza stoo, akalipiga picha lile rundo, akamrudishia mwenyewe kamera yake, akaendelea kukaa.

Ndiyo picha ya kwanza. Baada ya hapo alinunua kamera yake ndogo, na hakufungua tena mashine yoyote kabla ya kuipiga picha. Vitabu vya zile mashine vilikuwa vimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu karakana aliyeijua, na nusu ya kurasa zilishakunywa oili. Kwa hiyo alichora alama za chaki kwenye kila kipande, akapiga, kisha akafungua. Chaki ilimsaidia kufunga siku ile ile. Picha ilisaidia mara nyingine, chaki ikishafutika. Nyuma ya kila picha kuna tarehe na neno moja au mawili. Mafundi wenzake walimcheka mwaka mzima. Mwaka uliofuata walianza kubisha hodi kwetu. Nakumbuka wanaume wawili wa miraba minne, ovaroli zimelowa oili, wamesimama mlangoni Jumapili kwa adabu zote: "Tunaomba picha ya pampu."

Sikatai kwamba sisi wanawe tulikuwa na ya kwetu moyoni. Vikao vya wazazi shuleni alikuja Baba. Baba, karani wa posta, ndiye aliyetusuka nywele, tena vibaya. Mama alikuwa akirudi ananuka oili, anakula akiwa amesimama, na ukimweleza jambo unamwona kabisa kwamba sikio moja bado liko kwenye beringi. Baba alishafariki, huu mwaka wa tisa, na tangu hapo sisi tumekuwa tukijitungia mama mwingine, mpole zaidi, wa kuwaonyesha watu.

Huyo mama mwingine ndiye aliyekuwemo kwenye hotuba ya Dada. Aliitoa mkobani pale pale kikaoni akatusomea: "Mama yetu mpendwa aliteseka katika moto wa kiwanda, akajinyima furaha zote za mwanamke, ili sisi wanawe..."

"Nani kakwambia niliteseka?"

"Mama, ndivyo inavyosemwa kwenye hotuba."

"Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chupa nazijua mimi kuliko nyinyi wote." Alishaanza kukusanya picha zake moja moja. "Nilikuwa naondoka hapa saa kumi na moja alfajiri nikikimbia. Kuna mtu aliwahi kuniona nakokotwa?"

Kaka akajaribu kutuliza, na Kaka akijaribu kutuliza ndipo huharibu. Alisema yeye anaelewa, ila wageni hawataelewa, watadhani wameingia kwenye mnada wa vyuma chakavu.

Mama aliweka picha ya mwisho ndani ya bahasha. "Sawa. Vyuma chakavu vikibaki nje, na mimi nabaki nje. Mtasherehekea kiti."

Nilitaka kucheka, lakini alishaikumbatia ile bahasha kifuani, na hakuwa anatania. Ikabidi tukubaliane: picha tano za mashine, kwenye kona ya chini ya ubao. Mimi nikapewa kazi ya kuzipeleka studio zikuzwe. Mama alizichagua mwenyewe kwa muda wa siku tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya chupa zilizopinda. Nikamwambia, "Mama, hiyo si ni kosa lako?" Akaniambia ndiyo maana. Ya mwisho ilikuwa kompresa iliyovuliwa kifuniko, silinda ziko wazi, na vali zake zimelazwa juu ya gazeti. "Hii ndiyo kompresa namba mbili," akasema. "Ikuze kuliko zote. Ikae katikati."

"Tumesema kona ya chini, Mama."

"Nyinyi mmesema."

Studio, yule bwana aliiweka picha kwenye kompyuta, akaivuta ikajaa kioo kizima. Akaanza kusafisha mikwaruzo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nawaza nguo za wateja wangu zilizokuwa zinanisubiri, mara macho yakanitua chini kushoto. Kwenye pembe ya picha, juu ya sakafu yenye oili, palikuwa na kipande cha kitambaa ambacho kwenye picha ndogo hukioni. Bluu iliyoiva, yenye majani madogo meupe. Na pindo lake lilikunjwa mara mbili.

Watu naweza kuwakosea, nguo sizikosei. Lile gauni nililishona mimi. Lilikuwa gauni la kwanza kumshonea mtu mzima, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikata vibaya, nikalificha kosa kwa kukunja pindo mara mbili. Nilimshonea Mama alivae siku moja tu iliyokuwa ikizungumzwa nyumbani mwaka mzima: mahafali ya Kaka chuo kikuu. Mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa joho.

Mama hakufika mahafali. Baba alifika peke yake, akatuambia Mama alianguka kituoni kwa kizunguzungu, presha imempanda, amelazwa, atarudi jioni. Jioni alirudi kweli, amevaa nguo za kuazima. Gauni tuliambiwa liliibwa hospitali.

Sasa sikia balaa. Kwa sababu ya siku ile, Kaka alimfanya Mama mgonjwa wa presha miaka ishirini na minne. Alimpiga marufuku chumvi. Alimnunulia kipimo cha mkononi, na kila Jumapili jioni anapiga simu kuuliza namba. Ndoa ya Kaka imepita kwenye mawimbi, kazi zimembadilikia, lakini ile simu ya Jumapili haijawahi kukosa.

Nikaigeuza ile picha ya asili. Nyuma, kwa mwandiko wa Mama, palikuwa na tarehe ya mahafali, na chini yake: *Na. 2. Vali.*

"Kata huku chini," nikamwambia yule bwana wa studio, nikimwonyesha kwa kidole. "Hii pembe yote iondoe." Akakata.

Nilimpelekea Mama zile picha tano nikiwa nimejitia hamnazo. Alizipanga kitandani. Alipofika kwenye kompresa, akaiinua karibu na dirisha, akaitazama kwa muda, na sikuhitaji bisibisi kusikia kinachokuja.

"Umenikata mimi," akasema.

"Mama..."

"Picha arobaini na moja. Katika zote hizo nimo kwenye hii tu, kipande cha gauni, nawe umenikata." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikakaa kitandani, nikamuuliza, akaniambia. Walikuwa kituoni, yeye na Baba, wamependeza, wanasubiri gari. Likaja gari dogo la kiwanda. Dereva alikuwa hata hamtafuti yeye, alikuwa anamfuata mhandisi mkuu nyumbani kwake. Alipomwona akasimama, akamweleza: namba moja iko chini, imefunguliwa tangu juzi. Namba mbili imesimama asubuhi hii. Hakuna hewa, na kioo kinamwagwa moto moto kwenye shimo la maji.

"Ilikuwa inasemaje kabla ya kusimama?" Mama akamuuliza dereva.

"Ilikuwa inagonga, halafu inapumua, halafu inagonga."

"Baba yako akaniambia, 'Twende, mke wangu, watajuana wenyewe,'" Mama akaendelea. "Nikamwambia tangulia, nitakuja na gari la saa tano. Nikapanda."

"Walikulazimisha?"

"Hakuna aliyenilazimisha. Mhandisi alipofika alinifukuza, aliniambia niende kwa mwanangu, atajaribu yeye. Angejaribu!" Macho yalimwaka, kwa dharau ile ile ya miaka hiyo. "Mimi nilijua kilichoharibika kabla dereva hajafunga mdomo. Nilitaka mkono wangu uwe wa kwanza kuingia mle. Saa tano ikapita. Saa nane ikapita. Saa kumi na moja hewa ikarudi, na gauni lako lilikuwa halifai hata kufutia sakafu."

Presha aliitunga Baba njiani, ili Kaka asijisikie vibaya mbele ya wenzake. Na Mama akanyamaza. Siku ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka, na maji yakishamwagika hayazoleki.

"Basi tuiache hii, Mama," nikamwomba. "Itamuumiza."

"Itamuumiza. Na mimi uongo unaniuma. Sitatimiza miaka sabini nikiwa mgonjwa wa ugonjwa ambao sina." Akanipa ile picha ya asili mkononi. "Rudi studio. Nitoe nzima."

Nikarudi. Nakiri kwamba njiani niliwaza kusema imeharibika, yule bwana kaimwagia chai, lolote lile. Lakini nilikuwa nimeshamkata mama yangu mara moja, na sikuipenda ladha yake. Nikamwambia yule bwana aikuze kubwa kupita tulivyokubaliana.

Siku ya sherehe Mama alifika ukumbini kabla ya viti kupangwa, akanikuta mimi na Dada tunatandika vitambaa vya meza. Ubao ulishapangwa na Kaka jana yake: picha ya harusi katikati, sisi watoto pembeni, na nafasi tano ndogo kule chini kwenye kona. Mama akavua viatu, akapanda juu ya benchi, akachomoa picha ya harusi, akaisogeza kando kwa heshima, akiipangusa kwanza kwa kiganja. Kisha akapachika kompresa katikati ya ubao. Chupa zilizopinda akaziweka juu kabisa.

"Nani kafanya hivi?" Kaka aliuliza alipoingia, tai bado iko mkononi.

"Mimi," akasema Mama kutoka juu ya benchi. "Unishike mkono nishuke."

Ungefanyaje? Alimshika mkono. Wageni walishaanza kuingia, na wakili hagombani mbele ya mashahidi. Wastaafu wawili wa karakana walikuja wamevaa makoti ya zamani, wakasimama mbele ya ubao wakasahau kusalimia watu. "Namba mbili!" mmoja akapiga kelele, kama amemwona ndugu yake aliyepotea. Wakaanza kubishana ni bolti ngapi zilikuwa upande wa nyuma. Wageni wengine walipita wakitabasamu ile tabasamu ya mtu asiyeelewa na hataki ijulikane.

Tukala kidogo, tukaimba, ikafika zamu ya hotuba. Dada, Mungu ampe afya, alikuwa amebadilisha neno moja tu. Badala ya "aliteseka" alisoma "alijitoa mhanga". Alipofika "katika moto wa kiwanda," Mama akainuka, akatembea mpaka mbele, akanyoosha mkono. Dada akampa kipaza sauti bila kupenda.

"Ahsante, mwanangu. Umeandika vizuri, ila huyo siyo mimi." Akanitazama. "Niletee namba mbili."

Nikaenda mlangoni, nikaichomoa, nikamletea.

"Hapa ukumbini wapo wanaume waliofanya kazi na mimi," Mama akasema. "Miaka thelathini, moto ule ule, zamu zile zile. Wakistaafu mnawaita hodari. Mimi mnasema niliteseka. Kwa nini? Nani aliniuliza? Mimi niliipenda kazi ile. Niliipenda hata Jumatatu. Niliipenda nikiwa na mimba ya huyu mwenye cherehani. Nilikuwa nikiisikia mashine inalalamika, naiweka sawa, inanyamaza, na hakuna aliyewahi kunipa furaha kama kimya kile. Sikuwa mhanga wa mtu. Mkinisifu, nisifuni kwa nilichokifanya, au mniache nile keki yangu."

Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele. Wastaafu wawili wakagonga meza. Nilidhani ameishia hapo, nikaomba aishie hapo.

"Sasa wewe, baba," akasema, amemgeukia Kaka. "Mimi sina presha."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa uzeeni. Kaka naye akacheka. Mama akasubiri kicheko kiishe. Akamwendea na ile picha ya asili, ile ndogo, akaigeuza, akamwekea mezani. Kaka akasoma tarehe. Kisha akaitazama ile kubwa mikononi mwangu, nami sikuweza kufanya lingine, nikamwonyesha kwa kidole pembe ya chini kushoto.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile. Mama alimweleza yote, kituo, dereva, Baba, uongo, tena kwa maneno machache, bila kipaza sauti, lakini ukumbi ulishatulia kiasi kwamba hata wa mlangoni alisikia.

"Kwa hiyo ulichagua kompresa," Kaka akasema.

"Nilichagua kompresa."

"Niliwaambia wenzangu mama yangu anakufa hospitali. Nilipiga picha nimevaa joho, macho yamevimba."

"Najua. Naiona ukutani kwako kila nikija." Akaisogeza ile picha ndogo karibu naye. "Nilichofanya baadaye, kunyamaza, kile nakijutia kila Jumapili unapopiga simu. Kutokukuona na joho, nako nakujutia mpaka leo. Kompresa siijutii. Ukitaka nijute vyote ndipo upoe, mwanangu, utangoja sana."

Kaka akasimama. Akatoka. Tulimwona pale nje ya mlango, kwenye jua, ametupa mgongo. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba haya mambo huongelewa chumbani. Mama akamsikia, maana ni Sikio, akamjibu kwamba chumbani yamekaa miaka ishirini na minne na hayakupungua uzito. Kisha akabaki amesimama palepale. Hakumfuata mwanawe, hakukaa, hakulia. Mimi nililia kwa niaba yake, kwa hasira, nikiwa bado nimeishika ile picha kama mtu anayeuza kioo cha dirisha.

Sijui zilipita dakika ngapi. Kaka alirudi. Hakumtazama Mama. Alikuja kwangu moja kwa moja, akainama mbele ya picha, akaweka kidole kwenye lile pindo la bluu, akalifuata mpaka lilipoishia. Kisha kidole kikapanda juu, kikapita kwenye silinda, kikapita kwenye zile vali zilizolazwa gazetini, kikarudi.

"Iliharibika nini?" akauliza.

Mama alimkazia macho, akipima kama ni kejeli. Haikuwa kejeli. Katika miaka arobaini na saba ya mtoto huyu duniani, lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu kazi ya mama yake.

"Vali ya kutolea hewa," Mama akasema polepole. "Bamba lake lilipasuka. Kipande kikaanguka ndani ya silinda."

"Ndiyo kilichokuwa kinagonga?"

"Ndicho. Na kule kupumua ni hewa inarudi, kwa sababu mlango wake haufungi tena."

"Ulijuaje ni ya kutolea na si ya kuingizia?"

"Ngoja," akasema Mama, na sauti yake ikawa sauti nyingine, ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuisikia nyumbani. Akasogeza sahani. Akasimamisha bilauri katikati ya meza ikawa silinda, akaweka visosi viwili vikawa vali, akamwambia Kaka avue koti akunje mikono ya shati ashike hapa, hapana, siyo hapo, hapa. Kaka akavua koti, akashika. Wastaafu wawili wakasogeza viti vyao karibu. Dada akasogea, amefunga hotuba yake, nami nikaegemeza ile picha kwenye jagi la maji ili kila mtu aione, na Mama akaanza kupiga meza kwa kidole.

Yakapita kama robo saa. Mshereheshaji akaja anatembea kwa vidole, saa mkononi, tabasamu usoni, akainama kati yao. "Wazee wangu, samahani, ratiba inatubana, keki bado, na mpiga picha..."

Kaka aliinua mkono wake mmoja, ule mwingine bado umeshika bilauri, na hakugeuka.

"Kaa chini, bwana," akasema. "Mama yuko kazini."